Thelathini na Mbili za Nini?

Fungua mlango wa dereva wa gari lililotumika lililoshushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam kutoka Japan, utazame kibandiko kwenye nguzo ya mlango. Mtengenezaji ameandika hapo upepo unaotakiwa kwenye matairi: mara nyingi utakuta 220 kPa, na kando yake 2.2 kgf/cm². Magari yaliyoundwa kwa ajili ya masoko mengine huongezewa 2.2 bar na 32 psi. Sasa lipeleke gari hilo kwa fundi wa matairi. Kompresa yake ina geji ya psi, na swali lake ni moja tu: "Nikuwekee ngapi?" Ataambiwa thelathini, au thelathini na mbili, na kazi itaendelea. Hakuna anayetaja kizio, kwa kuwa kila aliyepo pale anakijua.

Ukimya huo hauna madhara mradi namba ibaki palepale ilipozaliwa. Swali la "za nini?" huwa zito namba inapohama: kutoka geji moja kwenda nyingine, kutoka kwa mhandisi aliyechora kwenda kwa msimamizi anayejenga, kutoka kitabu cha maelekezo kilichochapwa Marekani kwenda zahanati ya nyanda za juu. Na kwetu Afrika Mashariki namba hizi huhama kila siku. Waingereza walituachia inchi na ratili kwenye mabomba na geji. Magari yetu mengi yametoka Japan. Vifaa vya hospitali vinaletwa kutoka mabara matatu, na mitambo ya ujenzi kutoka China, India na Uturuki. Fundi mmoja wa Kariakoo au wa Industrial Area anaweza kukutana na vizio vitano vya presha kabla ya saa sita mchana.

Kuzidisha na kugawanya, ambako ndiko watu hukuita kubadili vizio, ni sehemu rahisi kuliko zote, na simu ya mkononi inaimaliza kwa sekunde moja. Makosa yenye gharama hutokea kabla ya hesabu kuanza. Mtu hajauliza kama namba aliyonayo ni ya tungamo au ya kani, imeanza kuhesabiwa kutoka sifuri ipi, imepatikana kwa jaribio la namna gani, na imekadiriwa kiasi gani kabla ya kumfikia.

Kilo inayosukuma

Kilo ndiyo inayochanganya wengi zaidi. Ni kipimo cha tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu, na tungamo halisukumi wala halivuti. Kani ndiyo inayosukuma na kuvuta, na kizio chake ni nyutoni: kani inayolipa tungamo la kilo moja mchapuko wa mita moja kwa sekunde kila sekunde. Jina hilo lilipitishwa kimataifa mwaka 1948. Kabla ya hapo wahandisi wengi walipima kani kwa uzito wa kilo moja inapovutwa na dunia, na mafundi wengi wanafanya hivyo hadi leo. Tukiita kipimo hicho kilo-kani, ndicho kinachoandikwa kgf kwenye kibandiko cha gari. Jeki ya tani tatu, winchi ya tani tano, mkanda wa kunyanyulia wa tani mbili, zote zinasema kani kwa lugha ya tungamo.

Ili kilo-kani iwe na thamani moja kila mahali, mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo wa mwaka 1901 uliamua mchapuko wa kawaida wa mvutano wa dunia uwe mita 9.80665 kwa sekunde kila sekunde. Kwa hiyo kilo-kani moja ni nyutoni 9.80665, bila kupungua wala kuzidi. Ratili-kani, inayoandikwa lbf, ni nyutoni 4.448.

Namba ile ya 1901 ilikusudiwa kuwakilisha latitudo ya digrii 45, ambayo hupita kusini mwa Ulaya. Kwenye ikweta, inayokata Kenya, Uganda na Kongo, mvutano ni karibu 9.78. London ni karibu 9.81. Mizani ya springi iliyosahihishwa London ikitundikwa Mombasa bila kurekebishwa italisoma gunia la kilo 100 pungufu kwa takriban gramu 300, ingawa hakuna punje iliyoibwa. Mizani ya mawe haina shida hiyo, maana jiwe na mzigo hupungukiwa pamoja. Mizani nyingi za kielektroniki hupima kani kisha huonyesha kilo, ndiyo maana zinatakiwa kusahihishwa pale zitakapofanyia kazi. Mfanyabiashara anayenunua korosho au kahawa kwa tani ana haki ya kulidai jambo hili, na mkulima anayeuza ana haki hiyo zaidi.

Mfano unaotajwa sana duniani wa kosa la vizio vya kani ni chombo cha anga cha NASA, Mars Climate Orbiter. Kiliruka Desemba 1998 na kupotea tarehe 23 Septemba 1999 kilipokuwa kinaingia kwenye mzingo wa Mirihi. Njiani, injini zake ndogo zilikuwa zikiwaka mara kwa mara ili kukisawazisha, na programu ya duniani ilikuwa ikikokotoa msukumo wa kila mwako. Programu hiyo, iliyoandikwa na kampuni ya Lockheed Martin, ilitoa majibu kwa ratili-kani zikizidishwa kwa sekunde. Waongozaji wa safari waliyasoma kama nyutoni zikizidishwa kwa sekunde, kama mkataba wa data ulivyosema. Kila msukumo ukahesabiwa mdogo kuliko ulivyokuwa kwa mara 4.45. Makosa madogo yakajikusanya kwa miezi tisa ya safari, hata chombo kilichopangwa kupita umbali wa kilomita 226 juu ya sayari kikaja kukadiriwa kuwa kilishuka hadi kilomita 57, ndani ya angahewa ambalo hakikuundwa kulistahimili.

Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni kwamba kila upande ulizidisha sawasawa. Faili lilibeba namba tupu, na kizio kilibaki kwenye waraka mwingine. Waongozaji walikuwa wameona mapema kwamba mahesabu hayaendi sambamba na mwenendo wa chombo, lakini wasiwasi wao haukufuatiliwa hadi mwisho.

Marubani wana hatari inayofanana na hiyo. Kipimamwinuko cha ndege hutumia presha ya hewa, na rubani hukirekebisha kwa namba anayopewa na mwongozaji wa ardhini. Marekani hutumia inchi za zebaki, na siku ya kawaida namba ni 29.92. Sehemu kubwa ya dunia, Afrika Mashariki ikiwemo, hutumia hektopaskali, na presha hiyohiyo inasomwa 1013. Sasa mwongozaji akisema "tisa tisa mbili" akimaanisha hektopaskali 992, rubani aliyezoea inchi anaweza kusikia ufupisho wa 29.92. Tofauti kati ya hizo mbili ni hektopaskali 21, na karibu na usawa wa bahari kila hektopaskali moja ni kama futi 27 za mwinuko. Ndege itakuwa chini kwa karibu futi 600 kuliko rubani anavyoamini, huku akitua kwenye mawingu.

Wanaokaribiana bila kulingana

Kanieneo, ambayo mitaani tunaiita presha, ni kani ikigawanywa kwa eneo inalolikalia. Nyutoni moja juu ya mita moja ya mraba ni paskali moja, jina lililopitishwa mwaka 1971 kwa heshima ya Mfaransa Blaise Pascal. Ni kipimo kidogo mno kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo tunasema kilopaskali kwa matairi na megapaskali kwa zege.

Usumbufu unaletwa na vizio vinne vinavyokaribiana sana. Bar moja ni kilopaskali 100. Kilo-kani moja kwa sentimita ya mraba ni kilopaskali 98.07. Angahewa moja ya kawaida ni kilopaskali 101.325. Safu ya maji yenye kimo cha mita kumi nayo hutoa kilopaskali 98. Mtu anaweza kuishi miaka mingi akiviita vyote "bar moja" na tairi lake lisipate madhara yoyote, kwa sababu tofauti ya asilimia mbili au tatu ni ndogo kuliko kosa la geji anayotumia. Lakini anayepanga vali ya usalama ya boila, au anayesahihisha geji za wengine, hana ruhusa ya kuwa mlegevu hivyo.

Psi ni ndogo zaidi: ratili-kani moja juu ya inchi moja ya mraba ni kilopaskali 6.895, na bar moja ina psi 14.5. Kwa hesabu ya kichwani, zidisha bar kwa 15 kisha utoe nusu ya bar ulizoanza nazo. Bar 2.2 mara 15 ni 33, toa 1.1, unapata 31.9, ndizo zile thelathini na mbili za fundi.

Wanafunzi huteleza zaidi kwenye eneo kuliko kwenye kani. Mita ya mraba ina sentimita za mraba 10,000 na milimita za mraba milioni moja, si elfu moja. Ukilishika hilo, mambo mengi hunyooka yenyewe: nyutoni moja kwa milimita ya mraba ni megapaskali moja, na kilonyutoni moja kwa mita ya mraba ni kilopaskali moja. Ripoti ya udongo inayosema kiwanja kinabeba kilonyutoni 100 kwa mita ya mraba inasema kwamba kila mita ya mraba chini ya msingi inaweza kubeba tani kama kumi.

Kipimo cha mita za maji nacho kina somo la nyumbani. Wengi wenye maji dhaifu bafuni huenda kununua tangi kubwa zaidi. Tangi la lita 5,000 halisukumi maji kuliko la lita 500 likiwa na kina kilekile cha maji na likikaa kimo kilekile. Kinachosukuma ni urefu kutoka uso wa maji hadi bombani. Mita tatu za kimo ni bar 0.3 tu, au psi nne na kidogo. Ukijenga mnara wa mita kumi na mbili umepata bar 1.2. Bomba lililopigwa chapa ya PN 10 limeundwa kuhimili bar kumi, sawa na mita mia moja za maji.

Sifuri ya geji na sifuri ya kweli

Tairi lililoisha upepo kabisa husoma sifuri kwenye geji. Hata hivyo ndani yake bado kuna hewa, kwa presha ileile ya hewa tunayoivuta. Geji huonyesha ziada juu ya hewa ya nje, si presha kamili. Tairi la psi 32 likiwa Dar es Salaam lina presha kamili ya karibu psi 46.7, kwa sababu hewa ya usawa wa bahari peke yake ni psi 14.7.

Hewa ya nje haina presha moja kila mahali. Hilo lilithibitishwa tarehe 19 Septemba 1648, pale shemeji yake Pascal, Florin Périer, alipopanda mlima Puy de Dôme wa Ufaransa akiwa na mrija wa zebaki wa aina aliyoibuni Torricelli. Zebaki ilishuka karibu sentimita nane kati ya mji na kilele. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, hewa ina kilopaskali kama 82 badala ya 101. Kwenye kilele cha Kilimanjaro hubaki karibu nusu ya ile ya pwani.

Pale ambapo tofauti hii inagusa uhai wa watu ni kwenye otoklevu, chombo cha kutakasia vifaa vya upasuaji na vya kujifungulia kwa mvuke. Maelekezo yanayorudiwa katika vitabu vingi ni psi 15 kwa nyuzi 121. Namba hizo mbili zinakubaliana pwani tu. Ili mvuke ufike nyuzi joto 121 unahitaji presha kamili ya kilopaskali 205 hivi. Dar es Salaam hewa inachangia 101, na geji inatakiwa kuongeza 104, ambazo ni psi 15. Nairobi hewa inachangia 82 tu, kwa hiyo geji inatakiwa kusoma kilopaskali 123, karibu psi 18. Njombe na Eldoret, zilizo juu zaidi, zinapita 18.

Muuguzi wa huko akifuata maelekezo kwa uaminifu na kusimamisha geji kwenye psi 15, mvuke wake utakuwa na nyuzi 118. Nyuzi tatu zinaonekana ni kidogo. Lakini mbegu za bakteria sugu zinazotumiwa kupimia utakasaji hufa polepole zaidi kwa kadiri ya mara kumi kila joto linaposhuka nyuzi kumi. Kushuka kwa nyuzi tatu kunadai muda wa takriban mara mbili. Dakika kumi na tano za pwani zinakuwa nusu ya kazi. Muuguzi huyo hakukosea kubadili kizio, wala geji yake si mbovu. Amepewa namba sahihi ya mahali pengine.

Dawa yake ni rahisi, na inanisikitisha kwamba haibandikwi ukutani kila penye chombo cha aina hiyo nyanda za juu: soma joto, usitegemee presha peke yake. Lengo tangu mwanzo lilikuwa nyuzi 121, na psi 15 ilikuwa njia tu ya kulikisia kwa mtu asiye na kipimajoto. Kama chombo kina geji ya presha pekee, mafundi huongeza takriban nusu psi kwa kila futi elfu moja za mwinuko, ili mradi uwezo ulioandikwa kwenye chombo chenyewe unaruhusu. Na hewa yote lazima itolewe kwanza, maana mchanganyiko wa hewa na mvuke unaweza kufikia presha inayotakiwa ukiwa na joto pungufu.

Kanuni za gesi nazo hudai presha kamili. Tairi lililojazwa psi 32 pwani asubuhi yenye nyuzi 25 likipata moto hadi nyuzi 55 kwenye lami ya Chalinze litasoma karibu 37. Anayekokotoa kwa namba ya geji tupu atapata 35 na kudhani fundi alizidisha. Upepo upimwe tairi likiwa baridi. Lililopata moto lisipunguzwe.

Presha ya damu

Presha ya damu nayo ni presha ya geji. Mtu mwenye 120 kwa 80 ana damu inayosukuma milimita 120 za zebaki zaidi ya hewa iliyomzunguka, awe Tanga ambako hewa ni milimita 760 au Nairobi ambako ni kama 615. Ndiyo sababu daktari hahitaji kujua mwinuko wa kliniki yake.

Zebaki iliingia hospitalini kwa sababu ya uzito wake. Mwaka 1733 mchungaji Mwingereza Stephen Hales alichapisha jaribio la kuunganisha mrija wa kioo kwenye mshipa wa farasi jike, na damu ikapanda zaidi ya futi nane. Hakuna kliniki inayoweza kukaa na mrija wa namna hiyo. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6, hivyo safu ya milimita 120 inafanya kazi ya safu ya maji ya mita 1.6 na inatosha mezani. Leo vifaa vya zebaki vinaondolewa duniani kwa sababu ya sumu yake, chini ya Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, lakini kizio kimebaki. Naona ni sawa kikibaki. Milimita 120 ni kilopaskali 16, na kubadili lugha ya mamilioni ya wagonjwa na wauguzi kwa ajili ya usafi wa mfumo kungeleta makosa mengi kuliko yatakayoondolewa. Anayetaka kubadili azidishe kwa mbili kisha agawanye kwa kumi na tano: 140 inakuwa 18.7, na 90 inakuwa 12.

Hiyo 12 ina mtego wake. Ufaransa, na kwa wengi waliosomea udaktari kwa Kifaransa, presha husemwa kwa sentimita za zebaki: "kumi na mbili kwa nane" ndiyo 120 kwa 80. Mgonjwa aliyezoea namna hiyo Bukavu au Bujumbura akihamia Kigoma na kusema presha yake huwa kumi na sita, anasema 160, na anastahili kusikilizwa kwa makini. Muuguzi asiyejua desturi hiyo atadhani mgonjwa amesahau.

Mfuko wa saruji

Mifuko mingi ya saruji ya kilo 50 ina namba 32.5 au 42.5, na wanunuzi wengi wanajua tu kwamba kubwa ni ngumu zaidi. Namba hizo ni megapaskali, yaani nyutoni kwa milimita ya mraba, ambazo mchanganyiko wa kawaida wa saruji hiyo unapaswa kuhimili baada ya siku 28. Maabara hutengeneza vipande vidogo vya mchanga maalumu, saruji na maji, kisha hukandamiza eneo la milimita 40 kwa 40. Eneo hilo ni milimita za mraba 1,600. Saruji ya 42.5 inatakiwa kubeba hapo nyutoni 68,000, karibu tani saba, juu ya kipande kisichozidi upana wa vidole vitatu.

Kwenye zege kitu hichohicho huonekana kwa ukubwa mwingine. Wahandisi wetu, kwa desturi ya Kiingereza, hupima mchemraba wa milimita 150. Zege la daraja la 25 linatakiwa kupasuka si chini ya kilonyutoni 562.5 kwenye mashine, ambazo ni tani 57.

Sasa chukua mchoro ulioandaliwa kwa desturi ya Marekani unaodai zege la psi 3,600. Fundi mwerevu anagawanya kwa 145, anapata megapaskali 25 karibu kamili, na kuagiza daraja la 25. Hesabu yake haina dosari, lakini zege lake ni dhaifu. Wamarekani hupima silinda ya inchi 6 kwa 12, ambayo kwa sababu ya urefu wake hupasuka kwa mkazo mdogo kuliko mchemraba wa zege lilelile. Viwango vya Ulaya huandika namba zote mbili pamoja ili kuondoa utata: C25/30 ni zege lenye 25 kwa silinda na 30 kwa mchemraba. Mchoro ule ulidai C25/30, na fundi wetu amejenga C20/25. Amepoteza sehemu moja katika tano ya nguvu ya nguzo bila kukosea tarakimu hata moja.

China ilikutana na jambo la aina hii kwa upana wa taifa zima. Saruji yake ya zamani ilipewa namba kama 425 kwa kilo-kani kwa sentimita ya mraba. Kwa kubadili kizio tu, 425 ni megapaskali 41.7, na mtu angetarajia iitwe 42.5. Lakini viwango vipya vya mwaka 1999 vilibadili na namna ya kujaribu pia, kufuata ya kimataifa yenye masharti magumu zaidi, na 425 ya zamani ikaangukia 32.5. Iliyostahili kuitwa 42.5 ilikuwa 525 ya zamani.

Kanuni zilizokadiriwa

Wapiga mbizi wa Mnemba, Pemba na Mafia huanza na mtungi wa hewa wa bar 200, au wa psi 3,000 kwa wenye vifaa vya Kimarekani. Bar 200 ni psi 2,900, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Kanuni ya kurudi juu ndiyo yenye pengo: wanaotumia bar hufundishwa kufika juu na bar 50, na wanaotumia psi hufundishwa mara nyingi kufika na 500. Psi 500 ni bar 34.5. Kila upande uliokota namba nzuri ya mviringo katika kizio chake, na watu wawili wanaoshuka pamoja wakidhani wana akiba sawa hawana. Kwenye mtungi wa lita 12 tofauti hiyo ni lita kama 186 za hewa, ambazo kwa mtu mtulivu kwenye kina cha mita kumi ni dakika nne na zaidi.

Kinyume chake, namba isiyo ya mviringo inaweza kudanganya kwa kuonekana makini. Nati za magurudumu za Toyota nyingi zinaandikiwa kukazwa kwa nyutoni-mita 103. Mtu anaweza kujiuliza ni utafiti gani uliofikia 103 badala ya 100. Vitabu vya zamani vinatoa jibu: ilikuwa 1,050 kgf·cm, namba iliyokadiriwa vizuri, ikabadilishwa. Vivyo hivyo, anayebadili psi 32 na kuandika kilopaskali 220.632 ameongeza tarakimu tatu ambazo hazikuwahi kupimwa na mtu yeyote. Geji ya kawaida ya bar 16 yenye daraja la 1.6 inaruhusiwa kukosea bar 0.26 popote kwenye uso wake. Ukipimia bar 2 kwa geji hiyo, kosa linaweza kuzidi asilimia kumi. Hapo kubishana kama bar na kgf/cm² ni kitu kimoja hakuna faida; afadhali kutafuta geji yenye kipimo kidogo zaidi.

Kwa hiyo namba inapobadilishwa, ile ya asili isifutwe. Kwenye daftari la otoklevu iandikwe joto, presha ya geji na kizio chake, na mwinuko wa kituo uandikwe mara moja kwenye jalada. Kwenye kadi ya mgonjwa anayevuka mpaka iandikwe mmHg kwa herufi, siyo namba mbili na mkwaju. Na kwenye mkataba wa zege neno "daraja la 25" halitoshi. Mwenye nyumba adai iandikwe: nyutoni 25 kwa milimita ya mraba, mchemraba wa milimita 150, siku 28, na jina la maabara itakayoukandamiza.